Karata ya Mtu wa Mguu Mmoja

27 Mei, Jumatatu

Mimi Festo Mayala nina miaka themanini na moja kamili, meno kumi na tisa, na magoti mawili ambayo bado yanakunjika. Nilizaliwa mwaka wa njaa. Ile njaa imekwisha, mimi nipo. Nimeishi kuliko baba yangu, kuliko mke wangu Magreth, kuliko mabwana nyuki wanane waliokuja kutufundisha kazi na kuondoka wamevimba nyuso, kuliko ushirika wa kwanza na wa pili, na kuliko baiskeli tano. Babu yangu alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Tabora hadi pwani, akarudi. Kwa hiyo mimi si mtu wa kuokota njiani.

Daftari hili kaninunulia binti yangu wa mwisho, Levina, mwalimu wa shule ya msingi kule Kigwa. Kasema, "Baba, hadithi zako ziandike, masikio yetu yapumzike." Kuandika nilijifunza kwenye elimu ya watu wazima, tayari nina ndevu. Naandika polepole, lakini neno nikishaliandika halitoki.

Leo nimerudi kutoka Tabora mjini. Nimenunua koti la mtumba la kurinia asali. Jeusi, zito, limeshonwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Nyuki akilichoma atavunja mwiba bure. Nilipofika nyumbani nikapapasa mfuko wa ndani, nikakuta karatasi ngumu. Ni picha.

28 Mei

Nimeitazama asubuhi kwenye jua. Ni ngumu kama karata, ndefu kama kiganja changu, na upande mmoja pindo limechanika. Kuna kijana. Amesimama kwa mguu mmoja juu ya gogo lenye majani mabichi. Mguu wa pili kaukunja nyuma ya ule wa kwanza, kama namba nne. Mikono kaificha mgongoni. Suruali nyekundu ya kubana, koti la bluu, viatu vya njano. Kifundoni kavaa kitu, nadhani njuga. Nywele zimesimama wima, na kichwa kimezungukwa na mwanga kama taa ya karabai. Chini ya gogo kuna vijiti, viwili vimepishana na viwili vimesimama. Uzio, bila shaka.

Ni mcheza ngoma huyu. Mtu hawezi kusimama hivyo juu ya gogo, mikono mgongoni, uso umetulia, ila awe anajijua. Nimempenda. Kanikumbusha mimi.

Maana Sikonge nzima inajua habari yangu. Mwaka 1971, pori la Isanga, niko juu ya mti mkubwa wa mtundu, tawi likavunjika, kamba ya kushushia asali ikaninasa kifundo. Nikaning'inia kichwa chini, nyuki kama wingu. Nikajikunja kama nyoka, nikashika kamba kwa meno, nikatoa kisu, nikajishusha mwenyewe. Miaka hamsini na tatu naisimulia. Hayupo wa kuisimulia vizuri kuliko mimi.

29 Mei

Baridi. Nimevaa koti ndani ya nyumba.

2 Juni, Jumapili

Wamoraviani tulitoka kanisani mapema, nikakutana njiani na Damas, katekista wa Wakatoliki. Ndiye pia mwenyekiti wa kikundi chetu cha wafugaji nyuki. Kasimamisha baiskeli.

"Mzee Mayala, tumepanga. Jumamosi tarehe tatu Agosti tutakaa palepale Isanga, chini ya ule mtundu. Tumalize shauri la Limbu na Modest."

"Malizeni. Mimi linanihusu nini?"

"Mti uko Isanga. Na Isanga bila wewe ni kama harusi bila bwana harusi."

Hapo kasema kweli.

Shauri lenyewe ni hili. Limbu ni shemeji yangu, kaka wa marehemu Magreth. Ana jicho moja zima. Lile la kushoto ni jeupe. Ana mizinga kumi na moja Isanga, kwenye miti inayouzunguka ule mtundu. Desturi yetu, mwenye alama kwenye mti mkuu ndiye mwenye duara lote. Alama ya Limbu ni mguu wa kwale, vidole vitatu vikitazama juu. Sasa karudi kijana Modest kutoka Urambo alikokuwa kwenye tumbaku, anasema duara lile ni la babu yake. Alama ya ukoo wao nayo ni mguu wa kwale, ila vidole vinatazama chini. Wakaenda kuangalia mtundu: vidole chini.

Limbu hana shamba la maana wala mtoto wa kumtuma. Ile mizinga ndiyo ugali wake. Na mpaka shauri liishe, Damas kasema asiirine mtu yeyote, hata asali ikimwagika.

Mimi na Limbu hatusalimiani. Mwaka wa sita huu. Sababu nitaiandika nikipata nafasi.

3 Juni

Nafasi ninayo, basi. Kwenye harusi ya Levina, nilipofika pale pa kujikunja kama nyoka, Limbu akacheka mbele za watu akasema, "Shemeji, nyoka gani huyo aliyeshushwa mgongoni kwangu?" Nikasimama nikamwambia, "Mwongo mkubwa wewe!" Watu wakacheka. Tangu siku hiyo wanamwita Limbu Mwongo, hata wasiojua jina limetoka wapi.

7 Juni

Nimempelekea Damas ile picha anisomee vile vijiti. Kaishika, kaigeuza juu chini, kaanza kucheka.

"Mzee, umemshika kichwa juu. Hii si uzio, ni namba ya Kirumi. Hizi zinakuwa juu. Kumi na mbili."

"Umejuaje?"

"Kanisani kwetu zimeandikwa ukutani, Njia ya Msalaba. Kituo cha kumi na mbili, Yesu anakufa msalabani." Akaitazama tena, akapunguza sauti. "Ila huyu si Bwana. Kaning'inizwa kwa mguu. Labda ni Mtakatifu Petro. Yeye alisulubiwa kichwa chini, kwa kuomba mwenyewe."

"Petro alikuwa na ndevu. Huyu hata za kunyoa hana. Na suruali nyekundu?"

"Nyie Wamoraviani mtajua wapi habari za watakatifu."

Nikamnyang'anya picha yangu. Njiani nikaitazama alivyoigeuza yeye. Gogo juu, kijana chini, kifundo kwenye kamba.

Sikupenda. Nikairudisha ilivyokuwa.

8 Juni

Nimerina mizinga minne. Asali nyeupe, nzito, ya maua ya mtundu. Koti ni ukuta. Wenye miaka sitini walipanda, mimi nikawashikia kamba. Kupanda sipandi tena, tangu Levina aniapishe juu ya Biblia, lakini kwa kuelekeza nawazidi.

12 Juni

Upepo. Vumbi limeingia hadi kwenye chumvi.

15 Juni

Leo kikao kidogo cha kikundi, cha kupanga siku za kurina. Modest kasimama. Kijana mstaarabu, asionewe. Kanisalimia kwanza, "Shikamoo babu Mayala," nikaitika marahaba. Kisha akasema:

"Mimi sina ugomvi na mzee Limbu. Anasema mti ule alipewa na babu Mayala mwaka sabini na moja. Kwa lipi? Anasema kwa kumwokoa. Sasa babu Mayala huyu hapa, na wote tumekua tukisikia kwamba alijishusha mwenyewe. Mtu aliyejishusha mwenyewe anampa mwenzake mti kwa zawadi gani?"

Watu wakacheka, wakanigeukia. Mmoja akasema, "Babu, tupe ile ya kamba kwa meno."

Limbu alikuwa amekaa karibu na mlango. Alinigeuzia lile jicho zima.

Nikasema, "Alama inasema nini?"

Wakajibu, "Vidole chini."

Nikasema, "Mimi si alama." Nikaondoka, nikasingizia mbuzi.

16 Juni

Niandike kwa haki. Mti ule nilimpa Limbu, na alama nilichonga mimi kwa shoka langu. Ya Limbu, vidole juu. Ninavyokumbuka mimi, vidole juu. Lakini nilikwenda mwenyewe mwezi uliopita kuitazama, na kweli viko chini. Basi ama kumbukumbu yangu imeoza, ama mti umegeuka. Kama kumbukumbu imeoza, mimi ni shahidi wa nini? Mtu hawezi kwenda kubishana na gome.

Nimetulia baada ya kuandika hivyo.

17 Juni

Sijatulia sana.

20 Juni

Nimekwenda Tabora kwa basi la asubuhi kuchukua wavu wa usoni kwa Selemani, fundi cherehani. Babu yake mkuu, Mabruki, alikuwa kwenye misafara pamoja na wa kwangu, kwa hiyo tunatukanana kwa haki ya urithi.

"Karibu, mpagazi. Leo umebeba nini?"

Nikamwekea karata juu ya cherehani. Akavaa miwani.

"Ni karata, lakini si ya kuchezea hii. Si kopa, si uru, si shupaza, si pau. Haina ukoo. Imetoka wapi?"

"Mfukoni mwa koti. Damas anasema kaning'inizwa. Mimi nasema amesimama."

Selemani hatazami uso, anatazama mshono. Akaweka kidole kwenye pindo la lile koti la bluu.

"Mtu akining'inia kichwa chini, pindo linamwangukia kidevuni. Hili limekaa kiunoni kama lile la Krismasi nililokushonea wewe. Kwa hiyo, ama amesimama, ama aliyechora hajawahi kushika nguo."

Nilifurahi hadi nikamnunulia kahawa, na kashata juu. Nimerudi nikiimba. Amesimama! Fundi wa Tabora kathibitisha.

21 Juni

Jambo moja linanikera. Kama amesimama, kwa nini kamba iko kifundoni?

22 Juni

Si njuga. Nimetazama na kioo cha kukuzia. Ni kamba, na imefungwa kwenye gogo.

25 Juni

Levina kaja, shule zimefungwa. Kanipikia mlenda wa karanga. Kaniona na karata, nikadhani atasema ni ushetani niichome. Badala yake kaipiga picha kwa simu, akaigusagusa, kisha akaanza kunisomea, huku akinitafsiria.

"Baba, hizi ni karata za wapiga ramli wa Ulaya. Kila moja ina jina na maana yake. Huyu anaitwa Mtu Aliyening'inia."

"Damas atapata kiburi."

"Sikiliza. Wanasema hakuning'inizwa kwa adhabu. Yupo pale kwa kukubali. Maana yake ni kusubiri, kuachia kitu ulichokishikilia, na kuona mambo kwa upande ambao hujawahi kuuona. Ndiyo sababu kichwa kinang'aa."

"Na kwa nini uso umetulia? Mtu akining'inia hivyo hatulii. Hilo najua mimi."

"Hawajasema." Akasogeza kidole. "Ila wanasema karata ikitoka imegeuka, miguu chini kichwa juu, maana inabadilika. Inakuwa ukaidi. Mtu anayejikweza, hataki kuachia, na mateso yake yote ni ya bure."

"Karata gani hiyo ya kutukana wazee? Sisi ni watu wa kanisa, hatusomi ramli. Zima simu."

Alicheka hadi akakaa. Nami nilikuwa nimeishika vipi muda wote? Kichwa juu. Nikaiweka mezani katikati yetu, kwa hasira.

Akasema, taratibu, "Huoni, baba? Hapo ulipoiweka, mimi namwona ananing'inia. Wewe unamwona amesimama. Karata ni moja. Ni kwa sababu wewe umekaa huko."

Akaongeza, "Nimemsalimia mjomba Limbu njiani. Mizinga imejaa, asali inadondoka chini, siafu wamejipanga. Anakaa pale anawafukuza kwa tawi."

26 Juni

Sikulala vizuri, nalaumu mlenda.

27 Juni

"Kwa sababu wewe umekaa huko." Maneno hayo yananizunguka kama nyuki aliyekosa tundu. Mimi siku ile nilikuwa nimekaa wapi?

Sio siku ya kuning'inia. Ile ya tatu yake. Mguu umevimba kama mhogo, na nikapanda tena mti uleule, watu waone Mayala haogopi. Sikuchonga alama nimesimama chini kama watu. Nilipanda hadi kwenye panda, pale shina linapogawanyika, nikalala kifudifudi, nikaning'iniza mikono na shoka, nikachonga chini ya panda, juu kabisa moto wa pori usipofika. Nilichonga kichwa changu kikiwa upande wa chini. Kwangu mimi vidole vilitazama juu.

Nimeandika hivyo, kisha nimeweka kalamu nikanywa maji.

2 Julai

Baridi kali. Wanachoma pori upande wa Ipole, moshi umefika hapa. Levina karudi Kigwa. Hakuniuliza kitu, na hilo ni baya kuliko kuulizwa.

9 Julai

Nimerina sita. Hakuna aliyeomba hadithi, na mimi sikuitoa.

13 Julai

Leo nimekwenda Isanga peke yangu. Kilomita kumi na nne kwa baiskeli, na miaka themanini na moja, andika hapo.

Mtundu upo, mnene kuliko zamani, na lile kovu la tawi lililovunjika limefumba kama mdomo wa kizee. Alama iko chini ya panda. Nikasimama chini yake. Vidole chini. Kupanda nimeapishwa. Nikafanya wanavyofanya watoto: nikaupa mti mgongo, nikapanua miguu, nikainama, nikatazama katikati ya magoti yangu.

Vidole juu! Mguu wa kwale wa Limbu, safi, kazi ya mikono yangu. Nilifurahi nikasahau kwamba damu ya mzee ikishuka kichwani haina haraka ya kurudi. Nikaanguka kwa utosi. Koti likanifunika uso. Selemani kasema kweli, pindo linaanguka.

Nikiwa hapo nikasikia majani yanakanyagwa, na sauti.

"Hii mara ya pili nakukuta Isanga kichwa chini."

Limbu. Ana tawi la kufukuzia siafu mkononi. Akaniinua kwa kwapa, akaniegemeza kwenye shina, akanipa maji kwenye kibuyu. Hatujaongea miaka sita, na sote wawili tuliona aibu kwamba tumeongea.

"Mwangaluka, shemeji," nikamwambia. Ndivyo tunavyoamkiana kwetu asubuhi, ingawa ilikuwa saa saba mchana.

"Mwangaluka. Ulikuwa unatafuta nini huko matakoni?"

Nikamwonyesha alama. Nikamweleza habari ya panda na kulala kifudifudi. Alisikiliza, kichwa kimeinamia upande wa jicho zima. Juu yetu mizinga ilikuwa inavuma, na asali inadondoka kwenye majani makavu, tone, tone.

"Mimi niliijua tangu zamani kwamba iko juu chini," akasema. "Sikutaka kukuambia, ungesema nakucheka. Kwa hiyo utalisema hilo tarehe tatu?"

"Nitasema alama niliichonga kwa juu."

"Watakuuliza kwa nini ulinipa mti."

Nikainama kukung'uta vumbi kwenye koti.

"Basi," akasema Limbu. Akaokota tawi lake, akarudi kwa siafu.

14 Julai, Jumapili

Sikwenda kanisani. Kichwa.

19 Julai

Upepo.

20 Julai

Upepo.

22 Julai

Nimetafuta njia ya kusema alama bila kusema mengine. Nimeijaribu mbele ya mbuzi. Njia hiyo haipo.

28 Julai, Jumapili

Sasa naandika, na nikishaandika halitoki.

Sikujikunja kama nyoka. Mtu aliyening'inia hajikunji. Damu inajaa machoni, masikio yanavuma, mbingu iko chini yako na unaona utaitumbukia. Kisu kilianguka mwanzo kabisa. Kamba kwa meno nilisikia kwa mtu mwingine, nikaichukua. Nilining'inia kuanzia asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, mpaka jua likawa utosini, yaani kwangu mimi nyayoni. Nyuki walinichoma mpaka nikaacha kuhesabu maumivu. Nililia, nikaita mama, na mama alikuwa amekufa.

Limbu alikuwa chini. Alikuwa na miaka ishirini na moja, na kila mtu alijua kwamba anaogopa kupanda. Hata ngazi ya ghala ilimtetemesha. Tulimchukua porini kwa kupika tu. Alizunguka mti akilia naye, akakimbia kutafuta watu, hakupata, akarudi. Kisha kukawa kimya, nikadhani kanitoroka.

Halafu nikasikia magome yanachanika chini. Kucha za mtu. Anapanda bila moshi, bila wavu, bila kamba.

Na hapa ndipo nimeijua ile karata. Mwezi mzima nimejiuliza kwa nini kijana yule katulia na kafungwa. Wazungu wa kwenye simu wanasema kwa sababu kakubali. Labda. Mimi uso ule niliwahi kuwa nao, kwa muda wa mtu kupanda mti mmoja. Nilitulia kwa sababu nilisikia mtu anakuja. Aliyechora hakumchora yule anayepanda, lakini yuko chini ya karata, pale palipochanika. Hakuna mtu wa kuniambia vingine.

Alinibeba mgongoni, akanifungua kifundo, akanishusha. Nyuki walimchoma jicho la kushoto. Masika yalipoanza lilikuwa jeupe. Watu walipouliza mimi nilisema ni ugonjwa wa macho, na yeye akanyamaza, kwa ajili ya dada yake aliyekuwa mke wangu. Alinyamaza mpaka siku ya harusi, miaka arobaini na saba, kisha akacheka mara moja tu. Nami nikamwita mwongo.

2 Agosti

Nimepiga pasi shati.

3 Agosti, Jumamosi

Tulikuwa watu kama thelathini chini ya mtundu. Damas kafungua kwa sala, fupi, kwa Mkatoliki. Modest kaonyesha alama kwa fimbo. Limbu aliulizwa ana shahidi. Akasema, "Mungu, na mwingine anajijua."

Nikasimama. Magoti yalikunjika vizuri.

"Alama hii niliichonga mimi," nikasema. "Nilikuwa juu ya panda, nimelala kifudifudi. Mwenye shaka apande alale nilivyolala, aisome kutoka huko. Lakini kabla hamjapanda, msikie na kwa nini niliichonga."

Nikasema yote, kama nilivyoyaandika Jumapili, na mama ndani yake. Nilipofika kwenye jicho, nilijifuta macho kwa mkono wa shati, nikasingizia moshi.

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Kisha mmoja nyuma akasema, "Na kamba kwa meno je, babu?" Wakaangua. Niliwaacha wacheke hadi waishe. Miaka hamsini na tatu niliwachekesha kwa kupenda, siku moja ya bure si kitu.

Modest akavua viatu akapanda mwenyewe. Alifika kwenye panda, akalala kifudifudi, akateremsha mkono, akapitisha kidole kwenye kila mkato wa shoka. Akasema kutoka juu:

"Shoka limeingia kutokea huku. Mikato inaanza mipana upande wangu, inamalizikia nyembamba huko kwenu." Kisha, "Vidole vinatazama juu."

Aliposhuka hakusema na Damas wala na mimi. Alikwenda kwa Limbu, akapiga goti moja. "Shikamoo, babu. Nisamehe. Na lile jina la Mwongo, nililitumia na mimi."

"Marahaba," akasema Limbu. "Simama, siafu watakuingia."

Damas akatangaza duara ni la Limbu. Mizinga kumi na moja. Minne asali yake ilikuwa imeshamwagika, kwa sababu ya ulimi wangu, na hiyo nitaijazia kutoka kwenye yangu. Leo hii tumeanza kuirina ile saba. Modest ndiye aliyepanda. Mimi nilishika kamba, na nilikaza fundo mara tatu.

Tulipokaa kulamba masega, nilitoa karata mfukoni nikampa Limbu. Nikamwambia wapiga ramli wa Ulaya wanaiita Mtu Aliyening'inia, na kwamba ni mimi yule mwaka sabini na moja. Aliisogeza karibu na jicho zima, akaigeuza huku na huku, akairudisha kichwa chini.

"Huyu si wewe," akasema. "Huyu katulia. Wewe ulikuwa umejikojolea."

Hilo sikuwa nimeliandika.

4 Agosti, Jumapili

Upepo umelala. Miti imeanza kupukutisha majani. Njiani kanisani wametokea watoto wawili wamesimama kwa mikono, miguu juu, wakaita, "Shikamoo babu!" Nikawaitikia marahaba. Wanasimama vizuri.

Karata nimemwachia Limbu. Kaichomeka kwenye gome la mtundu, kichwa chini, yaani sawasawa. Mvua ikija itaiharibu, na iharibu.

Basi haya ndiyo yaliyokuwa, na safari hii sijaongeza chumvi. Mwenye shaka amuulize Modest, aliyelala kwenye panda. Amuulize katekista Damas, ingawa atamtia Petro ndani. Habari ya pindo la koti amuulize Selemani fundi, Tabora mjini. Binti yangu Levina wa Kigwa hakuwepo, lakini aliniambia nilipokaa. Na kama hao hawatoshi, shahidi wangu mkubwa ni Limbu, shemeji yangu, wa pori la Isanga. Aangaliwe machoni, lakini si lile zima. Lile jeupe.